Dereva Anakunywa Kwanza

Dereva wetu hakuyaamini maji yaliyolala. "Maji yakilala ndani ya gari," alikuwa akisema, "asubuhi yanaamka na wenzake." Kwa hiyo kila tulipomaliza kazi kijijini, hata kama wote tumechoka na mimi nimekwisha kuvua viatu, yeye aliingia chini ya gari, akafungua koki ya tenki na kuyaacha maji yote yatoke mpaka tone la mwisho. Tone la mwisho kwake halikuwa msemo tu. Alitafuta jiwe bapa, akalipandisha gurudumu moja juu yake ili gari liinamie upande wa koki, kisha akachuchumaa na kungoja. Sisi tulikuwa na njaa, yeye alikuwa na tenki.

Nilifanya naye kazi miaka mingi, mimi nikiwa nesi, katika kliniki ya kutembea yenye makao yake Bariadi. Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kumwita nalo, wala sikumsikia mtu mwingine akilitumia. Alikuwa Dereva. Hata mkewe, nyumbani kwao Binza kule Maswa, alimwita hivyo mbele ya wageni, na yeye aliitika kwa furaha ya mtu aliyeitwa kwa cheo.

Gari lenyewe halikuzaliwa kliniki. Wazungu wawili wazee, mume na mke, walilitoa kwao, wakawa wanalala ndani yake njia nzima mpaka kwetu. Lilikuwa na kitanda, jiko dogo, sinki la kunawia, na chini ya kitanda tenki la maji safi. Safari ilipowachosha wakaliacha kwenye parokia yetu wakarudi kwao kwa ndege. Kitanda kikawa cha kuwapimia wajawazito, jiko likawa la kuchemshia vyombo, na fundi akatoboa ubavuni akaweka bomba la pili karibu na mlango, ili watu wanawe na wapate maji ya kumezea dawa. Vijijini wakaliita Numba, yaani nyumba kwa Kisukuma, na jina likakaa. Mratibu wetu, aliyekuwa bosi wa kliniki, aliandika jina refu la mradi kwenye milango yote miwili. Hakuna aliyelisoma.

Yule mama wa Kizungu ndiye aliyemwonyesha Dereva namna ya kulitunza tenki, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, maana lugha haikuwepo. Dereva alichukua aliyoonyeshwa, akaongeza yake, na baada ya muda hukujua mpaka uko wapi.

Kuliosha alikuwa na taratibu zake. Kwanza anamwaga yote. Kisha anajaza maji mapya, anaichanganya klorini pembeni kwenye ndoo, ndipo anaimimina tenkini. Dawa yenyewe bila maji hakuimimina hata siku moja. Alisema tenki nalo lina tumbo. Anafungua bomba la sinki mpaka harufu ya dawa itoke pale, anafunga. Anakwenda kwenye bomba la mlangoni, anafungua mpaka harufu itoke na pale, anafunga. Dawa lazima ifike kwenye mipira yote ya maji, alisema, kwa sababu uchafu haukai sebuleni, unakaa uchochoroni. Halafu analiacha gari lilale na dawa yake. Kukicha anaimwaga mbali na shamba la mtu na mbali na maji ya ng'ombe, anajaza tena maji safi, anasuuza, anamwaga, anajaza, anamwaga, mpaka harufu iishe kabisa.

Kipimo cha yote hayo kilikuwa pua yake. Tuliwahi kuletewa vikaratasi vya kupimia dawa kwenye maji, vikaisha, na vingine havikuja. Dereva hakujali. Aliinama kwenye bomba, akafumba macho, akavuta pumzi, akasema "bado" au "tayari", na hakukosea. Mimi nilizoea kulisubiri hilo neno "tayari" kabla ya kunawa mikono.

Sasa niseme jambo moja ambalo bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Mimi ni Mgogo wa Dodoma, na Wagogo na Wasukuma ni watani. Siku ya kwanza nilipopanda Numba, kabla hata sijaweka begi chini, Dereva aliniuliza kama nimekuja kufanya kazi au kuombaomba. Nikamwambia Msukuma ni mtu ambaye mke na ng'ombe wakizama mtoni, anauliza kwanza ng'ombe. Akacheka mpaka akashika usukani. Tangu hapo hatukusalimiana kama watu wengine tena. Nikinywa maji, ananiambia, "Taratibu, Mgogo. Kwenu hayo yangewekwa mpaka Pasaka." Akila, namuuliza kama amewaachia na ndama. Alipougua malaria nilimwambia afe haraka, viatu vyake vinanitosha, na mkewe aliyekuwa ameshika bakuli la uji pembeni alicheka akamwaga nusu.

Utani wa namna hii ni kitu kizuri sana, na kina sheria zake. Mtani haumii. Mtani hakasiriki. Ukisema neno kali, mtani wako analipokea na kukurudishia lililo kali zaidi, na mambo yanaishia hapo. Nilidhani kitu chenye uhuru mkubwa hivyo hakiwezi kumfunga mtu.

Kuhusu kunywa kwanza. Dawa ya maji, hata ile kidogo ya kutia kwenye maji ya kunywa, ina maneno yake vijijini. Wapo waliosema inafunga kizazi, wapo waliosema inawapunguzia wanaume nguvu, na wapo ambao hawakusema kitu ila hawakunywa. Mimi nilieleza. Nilieleza Mkula, nilieleza Malampaka, nilieleza kwa Kiswahili na kwa Kisukuma changu kibovu kilichowachekesha. Lakini kwa desturi ya huku, ukimpa mtu kinywaji, unaonja wewe kwanza mbele yake. Iwe pombe, iwe togwa, iwe maji. Asiyeonja ana lake.

Dereva hakuonja kwa funda moja. Alijaza kikombe cha bati, akanywa chote huku watu wanamwangalia koo, akakigeuza juu chini ili waone hakuna kilichobaki. Kisha akajipangusa mdomo na kusema, "Minzi ni haya," maji ndiyo haya, akasogea pembeni. Kina mama wakaanza kuja na vikombe vyao. Nimeona kijiji kizima kilichokataa maji yetu msimu mzima kikinywa baada ya kikombe kile kimoja. Baadaye ikawa hakuna anayenisubiri mimi nimalize maelezo. Wanauliza tu, "Dereva amekunywa?"

Mtu mwenyewe sasa, usidhani alikuwa amenyooka kama rula. Huyu aliyehangaika na tenki namna ile, akifika kwake Binza alichota maji kwenye mtungi wa mkewe, hayakuchemshwa, hayakutiwa chochote, akanywa na kushusha pumzi. Nikimsema anasema, "Haya ni ya nyumbani." Ukimuuliza vijidudu vinajuaje kwamba pale ni nyumbani, anasema Mgogo ana maswali mengi kwa sababu kwao hakuna kazi.

Alikuwa Mkatoliki wa Jumapili zote, lakini tukijaza tenki kwa maji ya mvua za kwanza, kikombe cha kwanza alikimimina chini taratibu, kwa ajili ya wazee waliotangulia. Padri alimwona mara moja. Dereva akamwambia anajaribu koki.

Chakula aligawa hovyo. Angekupa kuku mzima akabaki na ugali na mchuzi. Maji hakugawa. Ukinawa uso kwenye bomba la Numba bila sababu, alikufungia bomba usoni. Halafu, mtu huyu wa maji alikuwa akiogopa ziwa. Tukiwa Busega, sote tukishuka kwenda kuoga Ziwa Victoria, yeye alibaki ndani ya gari, madirisha yamefungwa, anatutazama kwa huruma. Alisema maji yasiyo na koki hayana adabu.

Dalili zilianzia mezani. Alianza kulalamika kwamba wapishi wa siku hizi hawajui chumvi. Chai yake ikawa na sukari mpaka kijiko kinasimama, na bado anasema ni maji ya moto. Pilipili alizila kama mchicha. Tulimtania, mimi mbele ya wote. Nilimwambia ulimi wa Msukuma umechoka kusifia ng'ombe. Siku moja dizeli ikawa inavuja ndani ya gari, sote tumeziba pua, yeye anaendesha tu anaimba. Tulipomsimamisha akashuka, akainama, akaona dimbwi kwa macho. Alilitazama muda mrefu. Sikumtania siku hiyo.

Hapo ndipo nilipoanza kunusa nyuma yake. Akishasema "tayari" na kwenda kunywa chai, mimi nafungua bomba kidogo, nainama. Mara nyingine palikuwa na harufu, nikamwaga na kusuuza tena mwenyewe, haraka haraka. Akirudi anaona tenki limepungua. "Nani ananiibia maji?" anauliza, kisha ananinyooshea kidole. "Nilijua. Mgogo hawezi kupita maji yakiwa yamejaa." Wote wanacheka, na mimi nacheka. Nilimweleza Mratibu, akasema ni mtu wa zamani, tumwendee polepole. Niliomba vile vikaratasi vya kupimia. Akasema ameviagiza.

Halafu ikaja Mkula. Tulilala kwenye uwanja wa kanisa, gari likiwa na dawa ya kuoshea tenki, ile kali ambayo si ya kunywa. Alfajiri nikaitwa kwa mama aliyeshikwa na uchungu mbali kidogo, nikaenda kwa bodaboda. Nilimwambia Dereva wasianze mpaka nirudi. Akasema, "Nenda, Mgogo, watu wenye akili tunabaki."

Mtoto alichelewa kutoka. Niliporudi jua lilikuwa juu, na harufu ya klorini niliisikia kabla sijashuka kwenye pikipiki. Wajawazito walikuwa kwenye foleni mlangoni mwa Numba. Mhudumu wa afya wa kijiji alikuwa anawagawia vidonge vya kuongeza damu, na kila mmoja alikuwa anachota maji bombani ya kumezea. Mmoja alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka, anameza. Aliyemfuata alikohoa, akafuta mdomo kwa kanga, akakinga kikombe aongezewe, maana kidonge kilikuwa hakijashuka.

"Mbona mnakunywa?" nikauliza.

"Dereva kanywa, sista," akasema. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika.

Niligeuka kwa mhudumu. Akainamisha macho. "Nilisikia harufu, sista," akasema polepole, "lakini yule mzee amekunywa kikombe kizima. Ningemwambiaje?"

Nikachukua kikombe cha yule mama, nikaonja, nikatema. Dereva alikuwa amesimama penye bomba. Kumbe asubuhi alilifungua kama kawaida, akainama, akavuta pumzi, hakusikia harufu yoyote, akajua amekwisha kusuuza. Dawa yote ilikuwa bado tenkini. Aliponiona nimetema mbele za watu, alikijaza kikombe chake cha bati, akanywa tena chote, taratibu, akakigeuza juu chini. Kisha akaniangalia. Hakuniita Mgogo.

"Sista," akasema, "maji yana nini?"

Nilifunga bomba, nikawaambia watu wasinywe, tenki halijasuuzwa. Tukatafuta maji mengine, wakasukutua na kunywa. Baadhi walitapika. Yule mama wa machozi nilimlaza kwenye kitanda cha Numba, nikawa namsikiliza mtoto tumboni kila baada ya muda mpaka jioni. Mapigo yalikuwa mazuri. Hakuna aliyepata madhara makubwa, namshukuru Mungu. Tukirudi, karibu na mjini, Dereva akasema labda dawa ya siku hizi wameibadilisha.

Mratibu alituita wote isipokuwa yeye. Tukakubaliana kwamba Dereva asiguse tena tenki. Lililobaki ni nani atamwambia. Mratibu alikuwa mdogo kwa umri, na Dereva alikuwa rafiki wa marehemu baba yake. Alisema mdomo wake hautafunguka. Katekista wa parokia, tuliyekuwa tukisafiri naye, akasema yeye ni wa ukoo mmoja na mke wa Dereva, ni mkwe, hawezi kumtazama usoni kwa neno kama hilo. Mhudumu mwingine wa kliniki alikuwa kama mwanawe. Mwisho wote wakanigeukia.

"Wewe ni mtani wake, sista," Mratibu akasema. "Neno la mtani haliumi."

Nilikubali. Na kweli, kwa akili ya pale, lilikuwa wazo zuri, hata mimi niliona hivyo. Nilimkuta uani anaanika mipira ya maji. Nikamwambia, "Dereva, pua yako imekufa. Uliwanywesha watu dawa Mkula. Usiguse tena tenki."

Akaniangalia kidogo, halafu uso ukafunguka. Alicheka mpaka akaegemea ubavu wa gari.

"Hiyo nzuri, Mgogo. Pua ya Msukuma haifi. Inanusa mvua ikiwa bado Shinyanga."

"Sitanii."

"Mtani anayesema hatanii ndiye anatania."

"Dereva, nakuapia. Mama yule angeweza kupoteza mtoto. Nimetumwa nikuambie."

"Umetumwa na nani? Na njaa?"

Hapo machozi yakanitoka. Niliyaona kama msaada, nikadhani sasa ataelewa. Akawaita watu waliokuwa karibu waje waone. "Njooni, njooni mumwone Mgogo. Na kulia anajua." Alinipigia makofi, na wale waliokuja wakacheka kwa sababu yeye alicheka. Nilisimama pale, mlango wa kutokea siuoni. Kila nililosema liliingia kwenye kapu lilelile. Ningemtukana angecheka, ningepiga magoti angecheka zaidi. Alikuja kunifuta uso kwa kitambaa chake chenye harufu ya klorini, kwa upendo mwingi, akaniambia nikale.

Mratibu akatafuta njia nyingine. Alileta dereva kijana, akamwambia mzee wetu apumzike sasa, amefanya mengi. Palikuwa na mchele na nyama, katekista akaomba dua ndefu. Dereva alishukuru watu wote kwa majina. Asubuhi yake tulimkuta amefika kabla yetu, yuko chini ya Numba, anafungua koki. Yule kijana alimwita baba, akamsubiri amalize. Kesho yake vilevile. Wiki chache baadaye akaanza kutuuliza leo tunakwenda wapi, tukimjibu anauliza tena. Nilikwisha kuona wagonjwa wa aina hiyo na nilijua njia hiyo inaelekea wapi. Tukampeleka mjini kwa daktari. Alitueleza vizuri, kwa upole, na hakutupa dawa ya kulirudisha lililokwenda. Mkewe akaja kumchukua, wakarudi Binza.

Sisi tukabaki na maji. Vikaratasi vya kupimia vilikuwa vimekuja hatimaye, maboksi kwa maboksi, na tenki halikuwahi kuwa safi kuliko wakati ule. Kule Mkula hatukumlaumu mtu aliyeyakataa. Lakini hata Malampaka, ambako hatukuwahi kuharibu, dereva kijana alijaza kikombe, akanywa chote, akakigeuza kama alivyoelekezwa. Watu walimtazama tu.

"Yule mwingine yuko wapi?" bibi mmoja akauliza.

"Anapumzika, bibi. Huyu ndiye dereva sasa."

"Huyu hatumjui," akasema bila ubaya, akatoa kwenye kikapu chupa ya maji ya lambo, bwawa wanaponywea ng'ombe, ya rangi ya chai ya maziwa, akamezea dawa yangu mbele yangu. Waliokuwa nyuma yake nao walikuwa na chupa zao. Nilieleza. Nilinyanyua kikombe nikanywa mimi mwenyewe, nikakigeuza. Wakasema asante sista, wakaendelea kunywa ya kwao. Bado wanakuja na chupa mpaka leo.

Nilikwenda Binza kiangazi kilichopita. Kwa muda mrefu nilikuwa najitafutia udhuru, kazi, barabara, mara hiki mara kile, lakini ukweli niliogopa. Watoto wao walikuwa wamewanunulia wazazi pipa kubwa la plastiki lenye koki chini, limewekwa juu ya matofali nyuma ya nyumba. Nilimkuta mzee amechuchumaa mbele yake. Koki ilikuwa wazi, na maji yalikuwa yanapita uani kwenda kwenye mihogo iliyokauka. Kuku walikuwa wanakunywa pembezoni. Amekonda, lakini shati limepigwa pasi.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, ndoo mbili miguuni. Nilimsalimia. "Mwadila, mayu." Akaitikia, akaniona ninavyoyatazama yale maji.

"Kila siku?" nikauliza.

"Kila siku, mwanangu. Mimi najaza, yeye anamwaga. Anasema yakilala yataumiza watu."

"Si mfunge hiyo koki?"

"Tuliifunga kwa waya. Akakaa pale anaifungua kwa vidole mpaka damu. Nikaja nikaukata waya mwenyewe." Alizungumza kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza habari za pamba. "Nikificha ndoo analia. Akimaliza kumwaga, anakula vizuri, analala vizuri. Sasa nifanyeje?"

Mimi ni nesi, na swali lile lilikuwa la kwangu kujibu. Nilimsogelea Dereva, nikajikaza, nikatafuta sauti yangu ya zamani.

"Wewe Msukuma," nikasema, "hayo maji si ungewapa ng'ombe?"

Alisimama taratibu. Akafuta mikono kwenye suruali, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto ameushika kiwiko, kama mtu anavyomsalimia mgeni wa heshima.

"Karibu, mama," akasema. "Mmetoka wapi?"

"Dodoma," nikasema. Nilimwekea neno hilo mbele kabisa, alichukue, alifanyie atakalo. Nilingoja anitukane. Ningetoa chochote anitukane.

"Ni mbali," akasema kwa upole. "Poleni sana na safari." Kisha akachuchumaa tena kwenye koki.

Mkewe alikuwa amekwisha kunyanyuka. Nikamwambia nimsaidie, akanipa ndoo ndogo, tukatoka. Kisima kiko mbali kwa miguu ya mtu mzima kama yeye, na alisimama mara kadhaa kupumzisha kiuno. Nikamwuliza kwa nini asilijaze pipa nusu tu, kama ni lazima limwagwe, apunguze safari.

"Nilijaribu," akasema. "Yakiwa machache anadhani wageni wamekunywa hayakuwatosha. Anaona aibu, hali chakula." Akabadilisha mkono wa kushikia ndoo. "Bora lijae."

Kisimani kulikuwa na foleni. Tukaweka ndoo zetu mwisho, tukasubiri.